Ngamia wa Enoki na Jembe la Posa

Mbozi, Jumamosi, Juni 1947.

Baridi imekaza tangu alfajiri, na ukungu uling'ang'ania kwenye mibuni hadi jua lilipopanda. Lakini si baridi iliyonitia hasira. Ni wanaume wawili, na mmoja wao ni baba yangu mzazi.

Leo mshenga wa Enoki ameleta jembe. Kwetu posa ni jembe: baba akiliingiza ndani, amekubali, likirudi na mshenga, yamekwisha. Jembe tu. Sijapata kusikia mtu aliyeharibu posa kwa jembe.

Enoki nusura aweze.

Bwana huyu alikwenda vitani na jeshi la Mwingereza, wakamfikisha hadi Uajemi, akarudi na picha. Mwajemi ameichora kwa wino mweusi mtupu: ngamia, na mtu wake aliyemshika kamba. Ni nzuri, sikatai. Manyoya ya shingoni yamechorwa unyoya mmoja mmoja. Basi akaona aiweke juu ya jembe, iwe zawadi ya mkwe. Nani alimwomba?

Nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua kahawa, maana binti haonekani mshenga akiwepo. Nikasikia karatasi ikichakarika mikononi mwa baba. Kisha akauliza, "Huyu mtu mbona yuko mbele?"

Mshenga hakuelewa. Baba akamweleza kama anayemfundisha mtoto: mnyama huswagwa, na mwenye mali hutembea nyuma na fimbo yake. Anayetangulia na kamba, tena kageuza shingo kutazama alikotoka, huyo kaiba na anaogopa kufuatwa. "Ananiletea picha ya mwizi siku ya kuposa! Ng'ombe wa mahari atawatoa wapi huyu?"

Mshenga, badala ya kumtetea mtu wake, akasema hayo ni mambo ya vitani, yeye hayajui. Mshenga gani huyo! Baba akamwambia achukue jembe lake aende. Mzee wa watu akasema miguu inamuuma, apumzike kwanza. Hapo tu ndipo alipotumia akili.

Nikavunja mwiko. Nilitoka na ungo wangu wa kahawa, mama akaguna, nikapiga magoti mbele ya baba, picha ikiwa bado mkononi mwake.

"Baba, tazama kamba. Imelegea. Mnyama wa wizi hukaza shingo, akakokotwa. Huyu anafuata mwenyewe."

Baba akaisogeza picha karibu na macho. Akatazama kamba, akatazama miguu ya ngamia. Kisha akaniangalia mimi.

"Basi huyu mnyama alikwishapatana na mwizi," akasema. "Tangu lini?"

Nikainamia ungo wangu. Mama alitazama pembeni. Baba akainuka, akaliokota jembe, akaingia nalo ndani, na miguu ya mshenga ikapona palepale.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nimekaa hapa uso unawaka. Muda wote wa vita nilimngoja Enoki kimyakimya, hata mama sikumwambia, nikajiona hodari wa kuficha. Leo nimejitangaza mwenyewe, mbele ya mshenga, kwa ajili ya ngamia.

Kesho kanisani nitamwona upande wa wanaume, anatabasamu kana kwamba kazi aliifanya yeye. Nitamuuliza jambo moja tu. Uajemi yote ile, hakuona blanketi la kumletea baba?