Nesitu Wamempa Fulgensio

Stoo ya Mama Mirembe,
Karibu na Uwanja wa Ndege,
Juba.
14 Juni 2008

Mpendwa Prof wangu wa Eldoret, dada Bilha,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Uko aje? Kile kikohozi kiliisha? Na masomo ya biashara yanakuendea vizuri? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inaumwa, na ugonjwa wenyewe ni wivu, sitakuficha.

Unakumbuka nilikuambia Mama Mirembe, yule Mganda mwenye malori, anafungua stoo ingine Nesitu, kwa barabara ya Nimule? Alitaka kijana wa kuisimamia. Akasema mimi na Fulgensio, mwenzangu wa kazi hapa stoo, kila mtu ataongoza wabeba mizigo wiki moja, halafu achague. Dada, nilijua ni yangu. Zile noti zako za uongozi nimezisoma mpaka zimeraruka. Fulgensio hata barua ya kuomba ruhusa mimi ndiye humwandikia.

Nikaanza na moto. Nikabandika ratiba ukutani, majina, saa ya kuingia. Jumatano asubuhi lori la simiti likafika, na wabebaji wote tisa wakaniambia wanaenda bika, ndiyo matanga ya hapa. Taban ndiye mkubwa wao, na mjomba wake alikuwa amekufa. Nikasema aende Taban peke yake, wengine nitawaandika watoro. Taban akaangalia kalamu yangu, akasema polepole, "Andika, mudir ta waraga." Bosi wa karatasi. Mpaka leo hata muuza chai ananiita hivyo.

Wakaenda. Nikabaki mimi na lori. Fulgensio, na haikuwa wiki yake, akawafuata mpaka matangani kule Lemon Gaba, akachota maji, akakaa nao kwa mkeka, akala nao. Saa tisa akarudi nao wote, na simiti ikaisha kushushwa kabla ya mvua. Wala hakuamrisha mtu.

Mama Mirembe hakungoja wiki ya pili. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama najua yule marehemu alikuwa anaitwa nani. Sikujua.

Sasa nikimwona Fulgensio na funguo za Nesitu kiunoni, chakula hakishuki. Halafu jana akanikuta nikinawa uso. "Alfayo, kuja na mimi Nesitu. Makaratasi itanishinda." Yaani mimi niwe msaidizi wake. Nilitaka kumcheka. Lakini dada, vile alivyokaa kwa ule mkeka haiko kwa noti zako, na wa kunifundisha simwoni mwingine. Nimemwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi nimjibu.

Nisalimie shangazi Valary, na babu Elkana umwambie redio yake naitafuta. Mungu akusimamie kwa mitihani.

Jibu mpe Yangi, dereva aliyekuletea hii, anarudi Juba wiki ijayo. Usinihurumie. Ungekuwa wewe, ungeenda kufanya kazi chini ya Fulgensio?

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata nikiwa na wivu,
Alfayo