Mboga ya Siku Tatu

Ijumaa, jioni. Mawingu yamekalia vilima vya Ruri tangu asubuhi, na mvua haijaamua kunyesha wala kuondoka. Siilaumu. Mimi pia sijaamua lolote tangu Jumatano.

Jumatano ndiyo siku ambayo Robi aliniacha. Tulikutana Rongo, kama ilivyokuwa desturi yetu, kwa kuwa mji huo uko kati ya Migori anakofundisha yeye na Lambwe ninakosubiri kuajiriwa mimi. Aliagiza chai, hakuinywa. Akasema, "Wewe hunipendi. Unanijadili."

Nilimwomba anipe mfano.

"Huo hapo," akasema, akachukua mkoba wake.

Ninakiri kwamba hata alipokuwa akivuka barabara nilikuwa bado ninaunda jibu. Lilikuwa jibu zuri, lenye utangulizi. Chuoni nilikuwa mwenyekiti wa chama cha mijadala, na sikumbuki kushindwa mbele ya hadhira. Sikujua kwamba mtu anaweza kushinda kwa kuondoka tu.

Tangu hapo sihisi kitu. Nimesoma vitabu vingi vyenye watu walioachwa. Hulia, hulewa, hutunga mashairi, hutembea mvuani bila mwavuli. Mimi nilirudi nyumbani, nikala ugali kwa omena, nikaomba niongezewe. Kiswahili kina neno ganzi, nasi hulitumia kwa mguu uliokaliwa vibaya. Mguu uko pale, unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya ni kama umemfinya jirani. Ndivyo nilivyo, ila si mguu.

Ningeweza kuishi hivyo kwa amani. Tatizo lilikuwa mboga.

Wiki iliyopita Robi alizungumza na Mama kwa simu kuhusu kuja kwetu kesho, mara yake ya kwanza. Walizungumza Kiswahili, kwani Mama hajui Kikuria na Robi hajui Dholuo. Robi akamtania: "Nitakuja, Mama, lakini hiyo akeyo yenu siwezi. Ni chungu kama dawa."

Mama alicheka. Ila namjua; ubishi wangu sikuuokota njiani. "Hiyo ulikula ilikuwa haijaiva," akamjibu. "Njoo Sabato. Utakula mpaka uombe ya kubeba."

Akeyo, yaani mgagani, iliyoiva kwa kipimo cha Mama si kazi ya saa moja. Majani huchemshwa na maji yake machungu kumwagwa. Kisha mboga hulazwa kwa maziwa ndani ya chungu cha udongo, hupashwa moto asubuhi na jioni, huongezwa maziwa, na kuachwa, mpaka siku ya tatu, uchungu uchoke wenyewe. Nasi ni Waadventista. Jiko letu hulala Ijumaa jua linapozama, na mgeni wa Sabato hupikiwa kabla. Mama alihesabu siku kurudi nyuma. Nilipofika kutoka Rongo Jumatano, nilimkuta amekaa kwenye kigoda akichambua majani, akiimba.

Sikumwambia.

Nilijiahidi kumwambia kabla hajatia maziwa. Jana akatia maziwa. Nikajenga hoja kwamba mboga italiwa tu hata mgeni asipokuja, kwa hiyo hakuna hasara, kwa hiyo hakuna haraka. Hoja haikuwa na kasoro. Asubuhi ya leo alikuja hadi kwenye simba yangu, ile nyumba ambayo kijana wa Kijaluo hujijengea akishakuwa mkubwa, akauliza kama Robi anapenda viti vifunikwe vitambaa. Nikasema anapenda.

Alasiri akaniletea kuku na kisu.

Mama Atieno, jirani yetu, alikuwapo. Alikuwa amekuja kuazima ungo na ungo ukamkalisha. Nilimlaza kuku penye majani karibu na jiko, nikamkanyaga mabawa kama inavyofanywa, nikamshika kichwa. Akanitazama kwa jicho moja. Nikamtazama.

"Jasomo," Mama Atieno akasema, maana ndivyo wanavyoniita, yaani msomi, "unamchinja au unamhoji?"

"Mwache," Mama akasema kutoka jikoni. "Anataka kwanza maoni ya kuku."

Wakacheka wote wawili. Nikasema, nikiwa bado nimeinama, "Robi haji."

Kicheko kilikatika upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Kesho ndiyo haji," Mama akauliza, "ama haji kabisa?"

"Kabisa."

Nilisubiri aulize sababu. Nilikuwa nimeandaa maelezo, na yangesimama mbele ya jopo lolote. Hakuuliza. Mama Atieno akakumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba, akaenda bila ungo. Mama akatoa kisu mkononi mwangu, akakifuta kwa leso yake ingawa hakikuwa na damu.

"Toa mguu," akasema. "Huyo hana kosa."

Kuku akainuka, akajikung'uta, akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Mwendo huo niliuona Rongo.

Mama akaingia jikoni, akatoka na mboga kidogo kwenye sahani. "Onja. Yule msichana alisema ni chungu, na mimi nikasema si chungu. Wewe sema."

Nikaonja. Ilikuwa ya moto, laini, yenye mafuta ya maziwa. Nikautafuta uchungu, sikuupata. Nikautafuta utamu, nao sikuupata. Sikuweza kutambua kama ni mboga iliyoiva au ni ulimi wangu uliolala mahali pamoja na mengine yote.

"Sijui, Mama."

Katika boma hili nimebishana kuhusu wokovu, bunge, dalili za mvua na namna sahihi ya kufunga lango. Sidhani maneno hayo yaliwahi kutoka kinywani mwangu. Mama alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolizoea. Alikuwa ameshinda, ukifikiria vizuri. Hakuna aliyebaki kumpinga. Hakuonekana kufurahia.

Akachota kidogo kwa kijiko changu, akaonja. "Imeiva," akasema polepole. Akanirudishia sahani. "Kula tu. Utaniambia siku utakayojua."

Nikala. Nilimaliza.

Sasa jua limezama na moto wa jiko umefunikwa majivu. Kuku amelala juu ya kuni ambazo zingempika. Ninamsikia Mama akifungua Sabato kwa wimbo nyumbani kwake. Anaimba sauti ya pili, kama alivyozoea kwenye kwaya, na ya kwanza haina mwimbaji. Chungu kimejaa mboga ya watu watatu.

Kesho amri ya boma hili ni moja: mtu asifanye kazi yoyote.

Nadhani hilo nitaliweza.