Kibuyu Yako Bado Iko kwa Msumari

Kwa mama yetu Rodah, aliyetuacha Agosti 1996

Hapana, hatujauza. Kila mtu akipita hapa Kiptere anauliza kibuyu yako ilienda wapi, na mimi namjibu hivyo hivyo: iko kwa msumari yake. Sasa mwaka imeisha tangu utuache, Rodah, na bado najibu maswali ya kibuyu.

Ulikuwa mtu ya huruma. Ukitoka kuchuma majani chai, mgongo inauma, na bado mgeni anapata mursik, maziwa lala ya kibuyu, kabla hata aseme jina yake. Lakini hiyo kibuyu hakuna mtu uliazima. Ulishona shanga, ukapaka mafuta, ukaisugua ndani na makaa ya mti wa senetwet ndio maziwa inukie, wewe mwenyewe. Watu walitoka mpaka Sigowet wakiuliza, "Hapa ndio kwa mama ya kibuyu?" Mimi nimejenga hii nyumba, nimepanda hii chai, na naitwa bwana ya mama ya kibuyu!

Sasa ona vile ulituachia. Ulimwambia Chepkemboi, msichana wetu, "Hii ni yako." Halafu ukamwambia Winny, bibi ya kijana yetu Kipruto, maneno hayo hayo. Kila mmoja pembeni! Rodah, ulikuwa unafikiria nini? Tangu tukuzike hawajakula meza moja.

Leo tumechinja kuku juu ya kukukumbuka. Ugali inapoa. Mmoja amesimama mlangoni, mwingine jikoni.

"Mimi ndiye alinizaa," Chepkemboi anasema.

"Na mimi ndiye nilimpikia. Wewe ulikuwa unakuja Krismasi."

Nikachoka. Nikatoa kibuyu kwa msumari, nikachukua makaa na kijiti ya kusugulia, nikaanza mwenyewe. Mwanaume na masharubu nyeupe! Makaa ikaingia mpaka kwa pua.

"Baba, wacha! Utaipasua!" Winny akaishika chini.

Chepkemboi akaninyang'anya kijiti. "Mama hakuwa anasugua hivyo. Unazungusha pole pole, kwanza shingo."

"Kwanza shingo," Winny akasema. "Hata mimi alinionyesha hivyo."

Mmoja akashika, mwingine akasugua. Wakalia kidogo. Halafu wakaangalia uso yangu, wakacheka mpaka kuku wa nje wakakimbia.

Kumbe ulisema mara mbili ndio washike wawili. Si ungetuambia tu, mama!

Ni sisi tunakukumbuka: bwana yako Kipkemoi, Chepkemboi, Kipruto na Winny, na wajukuu wote. Kukusahau hatuwezi. Hiyo kibuyu haitatukubalia.

Wameweka maziwa ndani, wameirudisha kwa msumari. Sasa wote wamekaa, hata hao wawili, bega kwa bega, na wananiita. Wacha nioshe uso, tule.