Qline ni Nani?

Goma, Mabanga

Mama yangu Mawazo,

Nakusalimia na moyo yote. Ile goti yako imepata nafuu? Na mvua, imewaachia maharagi? Mimi niko muzima, ni baridi ya asubuhi tu inanitesa.

Uliniuliza nitarudi kwetu Idjwi lini. Nilikujibu: ngoja nimalize mwezi ya kujaribiwa ku centre de santé, ile kituo ya afya ya Murara, wakinikataa, narudi. Basi, sikiliza.

Kazi yangu ni kuangalia mashini za bureau, zile ordinateur za Linux. Juma iliyopita chef alinituma nimupatie kila mutumishi mot de passe, ndiyo neno ya siri ya kufungua mashini. Eh, Mama, wote walitaka «yezu»! Nikawakatalia, nikahubiri: jina ya mutu haifai, neno iwe ndefu, changanya na chiffre, zile namba. Na mimi mwenyewe? Niliweka «mawazo», jina yako. Usinicheke.

Kesho yake tukawasha mashini, hakuna hata mutu moja aliyeingia. Neno ya siri haionekani wakati unaiandika, kwa hiyo kila mutu alifikiri vidole vyake ndivyo vimekosa. Wagonjwa wamejaa ku banc wakingoja, fishi zao zote za matibabu ziko ndani ya mashini. Chef akaniambia pole pole, na hiyo pole pole ndiyo iliniogopesha: «Aline, kama saa sita haijafunguka, uchukue sakoshi yako uende.» Lakini moyo ukasema kidogo: sawa, nitamuona Mama.

Mama Béatrice, infirmière wetu muzee wa kutunza wagonjwa, akainama ku écran ya mashini, pale nilipoandika jina yangu.

«Na huyu Qline ni nani? Alikuja lini?»

Nikaangalia. Nimefinya A, mashini imeandika Q! Kumbe ilipowaka upya ilishika clavier, ndiyo ubao ya kufinya herufi, ya Kiingereza, na zetu ni za Kifaransa; herufi zimebadilishana nafasi. Nikafinya Q pahali pa A, Z pahali pa W, vile vile mpaka mwisho, ikafunguka. Watu wakapiga mikono. Nikarekebisha clavier ya mashini zote, na mot de passe yangu nikaibadilisha. Hiyo mupya sikuambii hata wewe.

Siku ya tano ya juma, mwezi ya kujaribiwa ikiisha, chef alinipatia contrat ya kazi. Nilisaini, nikafurahi sana, halafu nikaenda kulia ku choo. Mama, sirudi. Unisamehe, najua ulikuwa unaningojea.

Unisalimie Papa mukubwa Bahati, na dada Neema na bwana yake. Mutoto wao Furaha, angali analala chini? Umupatie kitanda yangu.

Mutoto wako anayekupenda,
Aline