Vighulo wa Butembo, Biguro wa Marabo

Mbunya, Bunia

Kaka yangu, Yaya Paluku,

Mmeamkaje huko Butembo, wewe na shemeji? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Mimi mwili ni mzima, ila situlii. Nakaa, nasimama, naanza barua, naichana. Hii nitaituma hata ikiniuma.

Uliniagiza nichunguze ukoo wa kijana anayetaka kumuoa binti yako Kahindo. Babu yetu, Kambale Vighulo, alifuata dhahabu ya huku, asirudi. Babu wa kijana naye ni Kambale Biguro. Nimepekua vitabu vya ubatizo mpaka macho yakauma. Kambale wamejaa, maana kwetu kila mtoto wa kiume wa pili ni Kambale. Jina linalofuata, kila karani aliliandika alivyotaka: Vighulo, Vihulo, Bigulo, Biguro. Makarani hao wa kikoloni waliipima ardhi yetu hadi ncha ya mwisho, lakini kumuuliza mtu jina lake mara mbili, hapana! Na sisi leo tunanakili makosa yao kwenye kadi za uchaguzi kama vile ni Maandiko. Nikaanza kuyasoma majina kwa sauti, kwa Kinande, nikilinganisha kijiji na jina la mke. Bado sikupata kitu.

Jumapili nikaenda Marabo, kwa baba wa kijana. Mkewe alipakua wali na sombe ya majani ya muhogo. Jirani akaleta nyama ya mbawala kwa heshima ya mgeni. Nikarudisha mkono. Mwenye nyumba naye akaisukuma sahani, akinicheka.

“Weye unaogopa nini, mwalimu? Siye ndiyo hatukulaka hii. Baba alitukatazaka tangu butoto.”

“Siye pia,” nikasema.

Kicheko kikakatika. Mkewe akaweka kijiko chini.

Kaka mkubwa wa kijana, tuliyekuwa naye mezani, akanigeukia. “Baba mudogo, karatasi iko inasema familia mbili. Ku komini, kwa ofisi ya serikali, watawafungisha ndoa bila swali. Nani atajua?”

Mimi ninayegombana na makarani kila siku, nilitamani kwa dakika nzima kosa lao litusaidie.

“Siye tutajua,” nikajibu.

Hata kama babu hao si mtu mmoja, Yaya, mwiko wa mbawala ni mmoja, basi ukoo ni mmoja, na ukoo mmoja hauoani. Baba wa kijana akaifunika ile sahani ya nyama. “Basi mutoto wenu akuje,” akasema. “Lakini akuje kama binti yetu, hapana kama bibi-arusi.”

Mpe mama pole ya mguu. Msalimie shemeji, na shangazi yetu Masika, mwenye kelele kuliko mimi.

Kahindo mwambie leo, kabla simu ya kijana haijamfikia. Usitafute maneno ya kulainisha. Sema ni baba yake mdogo aliyekataa kunyamaza. Akitaka mtu wa kumchukia, anichukie mimi niliye mbali. Wewe atakuhitaji karibu.

Mdogo wako, mwenye moyo usiokaa,
Kasereka