Ukurasa Ambao Filamu Yako Haikuuonyesha

Jumamosi, 15 Novemba. Asubuhi ukungu na baridi, mvua nyembamba tangu saa moja.

Kaka yangu mpendwa,

Leo saa nane mchana wenzetu wanafanya kumbukumbu ya kifo chako. Wamekodi ukumbi hapa Brussels, karibu na barabara ya Chaussée de Wavre. Wataonyesha filamu uliyoipenda, ile ya mfalme, kisha mimi nitazungumza kwa niaba ya familia. Hotuba nimeiandika mara tatu. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu kuna jambo ambalo sijui kama nitalisema, na mtu anayelihitaji atakuwa ameketi mbele yangu.

Unakumbuka tulipoiona mara ya kwanza, kwetu Uvira, Kongo, padre alipotundika shuka kwenye ukuta wa parokia? Filamu ilisema Kifaransa, na wewe uliyekuwa sekondari ulisimama kando ya shuka ukatutafsiria. Padre alitueleza kwamba ulikuwa mchezo wa jukwaani wa zamani sana, na kwamba waliougeuza filamu walikuwa wenyewe vitani, mabomu yakianguka kwenye miji yao, wakataka watu wao wapate moyo. Mfalme kijana alikuwa na jeshi lililochoka, lenye njaa na matope. Asubuhi ya vita aliwasemesha mpaka wakasahau njaa. Ulipofika hapo sauti yako ilibadilika. Hukuwa unatafsiri tena.

Wiki nzima baadaye ulivaa taji la bati, nami nikawa jeshi lote la adui.

"Anguka basi," ulinigombeza. "Umekufa tangu zamani."

"Sianguki. Gauni ni jipya."

"Adui gani anaogopa vumbi?"

Vita vyetu vilipokuja hukuwa na taji, lakini vijana wa mlimani walikufuata. Nilikusikia ukiwasemesha kabla ya kushuka darajani, na maneno niliyatambua: yalikuwa ya yule mfalme. Mlishinda. Jioni mlirudi na mateka saba, mkawafunga kamba katika darasa la shule ya msingi. Mimi nilikuwa napika chini ya dirisha lake. Mmoja wao, mwenye kovu kidevuni, aliniomba maji, nikamnywesha kupitia dirishani. Kisha ulikuja mlangoni ukamwambia Kizito, msaidizi wako, neno moja: "Mubamalize." Wamalizeni wote. Ukaja kwangu ukauliza kwa nini maharage hayana chumvi.

Hatukuzungumza habari hiyo hata siku moja. Miaka yote hapa Brussels uliniita kwako Laeken tuitazame filamu ile, ukanifundisha kuipenda upya. Ulipofariki ndimi niliyesafisha chumba chako. Chini ya mto nilikuta kitabu cha ule mchezo, kwa Kifaransa, kona ya ukurasa mmoja imekunjwa. Nilikaa kitandani nikausoma. Mfalme anaamuru mateka wauawe. Nikaitazama filamu tena tangu mwanzo, peke yangu, nikiwa na kitabu magotini. Amri ile haimo. Waliitoa. Watu waliohitaji moyo hawakuonyeshwa.

Nilitaka kukukasirikia wewe pamoja na watengenezaji wale. Lakini unajua mimi huandika kila siku, nikaenda kufungua daftari la mwaka ule. Tarehe ipo, kwa mwandiko wangu mzuri: "Mvua asubuhi. Tumepika maharage. Kaka amerudi salama." Basi. Nami niliutoa ukurasa.

Sasa kuna Neema. Tunafanya kazi pamoja Woluwe, tunahudumia wazee. Juzi, tukibadilisha nguo baada ya kazi, alifunga mlango kwanza.

"Dada, weye ulikuwa kule juu mwaka ule. Mudogo yangu Espoir alikamatwa kule. Alikuwaka na kovu hapa kwa kidevu."

Niliendelea kufunga viatu.

"Sikuulizi ni nani alifanya. Nipatie tu siku. Maman anakataa misa ya wafu. Anasema mutoto anaweza kurudi, akute tulisha kumuzika. Bon, miye sasa nimechoka kungoja pamoja naye."

Nilimwambia nitatazama. Nilisema hivyo nikiwa naijua tarehe kama ninavyolijua jina langu.

Leo asubuhi Kizito, ambaye ndiye ameandaa mkutano, naye amesikia Neema anachouliza, alinipigia simu.

"Dada, usome karatasi yako vizuri. Ile mambo ya darasa, iache. Tunamulilia chef, mukubwa yetu wa vita, hatumuhukumu."

"Na Neema?"

"Neema atakula sambusa kama wengine, donc usijitese."

Ni saa tano na nusu. Navaa kitenge cheusi.

Saa moja jioni. Nimerudi.

Filamu ilipokwisha watu walipiga makofi. Nilisimama. Nilisema ulivyotutafsiria kando ya shuka, ulivyonilipia nauli ya ndege kabla ya kununua koti lako mwenyewe. Wakacheka, wakalia. Ningeweza kuketi hapo. Neema alikuwa safu ya pili, mkoba mapajani.

Nikaitaja siku, mwezi na mwaka. Nikasema kwamba mateka saba waliuawa siku hiyo wakiwa wamefungwa, kwa amri yako, na kwamba mimi nilikuwa chini ya dirisha, nikamwona mwenye kovu kidevuni, na nikanyamaza. Kizito alizima kipaza sauti. Ukumbi ni mdogo, walinisikia bila hicho.

Hakuna aliyenipigia kelele. Neema alisimama, akatoa simu.

"Rudilia tarehe."

Nikarudia.

"Alikuwa na kiu?"

"Ndiyo. Alikunywa maji."

Aliandika. Hakunishukuru, wala sikutegemea. Alitoka koridoni, mlango ukabaki wazi kidogo, na ukumbi mzima ukasikia akimpigia simu mama yake Uvira:

"Maman? Keti kwanza."

Kaka, ulinibeba mgongoni kilomita nyingi tulipokimbia vita, na hilo pia ni kweli. Nakulilia bado. Pumzika, kama unaweza.

Mdogo wako, yule wa gauni jipya

Nalala sasa, saa tisa na robo usiku.