Leo Napiga Karani

Voi, 8 Februari 1999

Mpwa wangu Bahiya,

Salaam aleikum. Leo nimetimiza miaka thelathini na mmoja mbali na Garsen. Goti linanisumbua, mengine shwari. Mama yako amepona homa?

Omar wa lori anasema mtu amekamatwa ofisini kwenu kwa sababu ya kamera, nawe umo. Niandikie mwenyewe. Omar huongeza chumvi.

Mjomba wako, Buya

Garsen, 15 Februari 1999

Mjomba, shikamoo.

Mama amepona, anauliza kama bado unatia sukari vijiko vinne.

Aliyekamatwa ni Guracha, mfugaji. Amekuja mara sita kufuatilia karatasi ya kiwanja chake, na mara sita nimeagizwa nimwambie kesho. Safari hii alibeba kamera ya video ya shemeji yake aliye Jedda. Akamwambia askari wetu, Jairus, “Leo mimi napiga hii karani. Napiga mpaka watu yote ona.”

Karani ndiye mimi. Nilijua ni kupiga picha, nikacheka. Jairus akanigeukia, “Unacheka nini, dada? Umezoea kupigwa?” Akamkunja Guracha mkono, akamnyang’anya kamera.

Sasa mkubwa wangu ameandika taarifa kwamba nilitishiwa, anataka sahihi yangu. Nikikataa, anasema huko Wenje, mbali na nyumbani, kuna nafasi. Mama nitamwachia nani? Guracha yuko rumande, kesi ni tarehe mbili Machi. Nifanyeje?

Mpwao, Bahiya

Voi, 20 Februari 1999

Bahiya,

Salamu ni zilezile; Omar ananisubiri na injini inanguruma.

Usitie sahihi. Kaunta ni ya wananchi. Anachokiona mtu aliyesimama pale, kamera nayo ikione. Funika faili za wengine, na mwenye kamera aombwe asiwaelekezee wasiotaka. Kisha muulize alichofuata, umjibu kweli. Ukiona haya kusema “kesho” mbele ya kamera, basi hata bila kamera lilikuwa jibu baya.

Mwaka 1968 nilikuwa mkalimani katika ofisi hiyohiyo. Mzee mmoja wa Kiorma, Liban, alisema, “Leo mimi namaliza chifu.” Alitaka kumaliza shauri lake na chifu. Nilielewa. Nikatia sahihi kwamba alitishia kuua, maana niliogopa kuhamishwa. Alifia gerezani. Nami nikahama mwenyewe.

Mjomba wako, Buya

Wenje, 29 Machi 1999

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima, na Mama yuko nami hapa, analalamikia mbu wa Wenje kana kwamba wa Garsen walikuwa jamaa zake.

Sikutia sahihi. Mahakamani nilieleza neno lile, hakimu akamwachilia Guracha, kamera akarudishiwa. Kiwanja bado. Wiki ya pili nikapata barua ya uhamisho.

Nisamehe, nilimsimulia Guracha habari ya mzee Liban. Kumbe mwana wa Liban, Bule, ni jirani yake. Bule alipoisikia akasema, “Mwambie huyo mzee aje. Maziwa iko.” Njoo, Mjomba. Omar atakuleta.

Mpwao, Bahiya

Voi, 11 Aprili 1999

Mwanangu Bahiya,

Nimefurahi kwamba nyote wawili ni wazima. Umefanya nilichoshindwa.

Mshukuru Bule. Humu ndani kuna kurasa mbili: alichosema baba yake siku ile, kwa maneno yake, na nilichoandika mimi. Nimetia sahihi. Msomee taratibu, usiruke neno. Akitaka kuzipeleka kwa hakimu, ni zake.

Maziwa yale siwezi kuyanywa. Sitarudi Garsen.

Mjomba wako, Buya